Jicho la Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha dharura uwanja wa shabaha, saa kumi alasiri. Wanachama kumi na mmoja, viti tisa. Mimi ni mtunza ghala, kwa hiyo nilisimama.

Mwenyekiti akasoma karatasi. Ni muuguzi mstaafu, mama asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alisema bunduki zote za klabu zimeshafungwa darubini mpya isipokuwa Namba Nne. Darubini ya Namba Nne imezeeka. Shemeji ameleta mpya. Jumamosi zitapimwa zote mbili: kwanza kioo, kama kinaonyesha vizuri. Pili uimara, kama inavumilia baridi na maji. Jaji ni Fundi Saa. Itakayoshindwa itaondolewa kwenye bunduki.

Akaendelea kusoma, lakini mimi sikusikia tena. Masikio yalikuwa yanawaka.

Itaondolewa! Darubini ya Namba Nne ni ya marehemu mke wangu. Aliinunua mwenyewe, akaifunga mwenyewe, akapiga nayo shabaha miaka kumi na tisa. Klabu nzima walimwita Jicho. Ana miezi kumi na moja sasa tangu atutoke. Na mimi ndiye mtunza ghala, najua vitu vinavyoondolewa huishia wapi. Huishia kwenye lile boksi chini ya rafu, pamoja na kengele isiyolia, mikanda iliyokatika na kiatu kimoja ambacho hakuna anayekumbuka ni cha nani.

Mwenyekiti akamaliza, akauliza kama kuna mwenye neno lolote juu ya darubini ya Namba Nne. Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Mtu mwenye mpango haropoki mbele ya watu.

Shemeji, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, akaitoa yake kwenye boksi lenye sponji. Ndefu kama bomba la maji! Akasema ukiitazama hii unamwona inzi anafikiria nini. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikasema darubini ya zamani nitakwenda nayo nyumbani, kwa usalama. Shemeji akasema chukua tu Shemeji, lala nayo ukipenda. Dharau! Nimeifunga kwenye soksi. Ipo mezani hapa ninapoandika.

Daftari hili nalo ni lake. Kurasa za mbele zimejaa alama zake za shabaha. Ukurasa wa mwisho aliandika: tisini na sita, upepo wa kulia, nina njaa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Ni mzuri sana, nashangaa haukuhitaji siku mbili.

Kioo kitapimwa kwa ubao wa herufi. Ubao utasimamishwa mita mia, jioni mwanga unapofifia, maana darubini yoyote huonyesha vizuri saa sita mchana. Ubora wa kioo hujulikana jua linapoaga. Kila mwenye darubini atalala kwenye mkeka na kusoma. Anayesoma mistari mingi, kioo chake ni bora.

Sasa ubao ataandika nani? Nikajitolea! Nikamwambia Mwenyekiti kwamba mwandiko wangu unajulikana. Akasema unajulikana kweli, lakini sawa.

Nimeandika mistari minne. Mstari wa mwisho una herufi ndogo kama chawa. Nimezikariri zote. R, G, N. T, A, D, K. Na kuendelea. Nimezisema nikioga, nimezisema nikifua, nimemwambia muuza mkaa R, G, N badala ya asante.

Lazima nikariri, kwa sababu kuna jambo moja gumu. Kupitia darubini hii mimi sioni vizuri. Sijawahi kuona vizuri. Nyuma, pale unapoweka jicho, kuna pete ya kuzungusha, nayo imekaa kwa kipimo cha jicho lake. Aliitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ili isipotee mahali pake. Kila nilipotaka kuchungulia alinipigia kelele kutoka barazani, hata kabla sijaishika: usiguse jicho langu! Sijui alijuaje. Sikuigusa. Nilikuwa nachungulia hivyo hivyo, naona ulimwengu umelowa, nasema loo, safi kabisa.

Kwa hiyo pete haiguswi. Nitasoma kwa kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Nikawaza habari ya baridi. Fundi Saa alisema darubini mbovu huvuja, hewa yenye unyevu ikaingia, na ukiipoza kioo kinapata ukungu kwa ndani. Hapo msomaji haoni ila maziwa. Nikasema ngoja nijue mapema. Nikaiweka kwenye friza alfajiri, kati ya barafu na mfuko wa njegere. Saa moja asubuhi nikaitoa.

Ukungu! Kioo chote cheupe! Nikaketi chini sakafuni. Miaka kumi na tisa haikuwahi kumwaibisha, na mimi nimeiua ndani ya saa moja.

Nikaisimamisha dirishani ikauke, uso wake kwenye jua. Nikaenda kuoga. R, G, N. Nikasikia harufu. Nikadhani ni kwa jirani, nikamsikitikia.

Haikuwa kwa jirani. Jua lilipita kwenye darubini likatokea nyuma jembamba kama sindano, likatoboa pazia. Tundu lenye ukubwa wa shilingi, kingo nyeusi. Pazia alilishona mwenyewe, upindo wa kushoto umepanda juu kidogo kwa sababu siku hiyo nilikuwa namsimulia hadithi na akawa anacheka. Sasa lina upindo uliopanda na tundu.

Lakini kioo kimekuwa safi! Nikachungulia: kumelowa kama kawaida. Alhamdulillahi.

Saa nne akaja Shemeji. Hakubisha hodi, hajawahi. Akalitazama pazia, akauliza, Shemeji, umeanza kuvuta sigara uzeeni? Nikasema ni panya. Akasema panya wako ana kiberiti.

Kisha akaketi, akashika magoti yake, akasema Shemeji, kuhusu hiyo darubini, kuna jambo nataka nikwambie kabla ya Jumamosi. Nikamwahi! Nikasema tutaonana uwanjani, Shemeji, na aliye bora ataonekana. Akasema siyo hivyo. Nikasema ni hivyo hivyo. Akanywa chai yangu yote akaondoka.

Vita vya maneno. Nimevishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Nilikwenda uwanjani mapema nikautundika ubao, nifanye mazoezi. Niliacha umetundikwa, uzoee mazingira. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Nikaitazama darubini nikaona imechakaa sana ukilinganisha na lile bomba la Shemeji. Nikasema jaji naye ni binadamu, ataona kitu kinang'aa. Nikachukua kitambaa na spiriti nikaisugua. Nikasugua mbele, nikasugua ubavuni, nikasugua nyuma. Nilikuwa napiga mluzi!

Nilipotazama kitambaa kilikuwa na doa jekundu.

Nukta imekwenda. Na pete, wakati nasugua, imezunguka. Sijui imezunguka kiasi gani. Nusu mzunguko? Mizunguko miwili? Nilikuwa napiga mluzi.

Nikachungulia. Naona vizuri. Naona kibao cha kinyozi upande wa pili wa barabara, herufi moja moja, na namba yake ya simu. Kioo kisafi ajabu. Miaka yote hiyo kilikuwa kisafi namna hii.

Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile kibao.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua asubuhi. Sikutoka.

Nimekaa dirishani tangu saa mbili, nazungusha pete. Natafuta ule ukungu wenyewe. Siyo ukungu wowote, ule wake. Nakumbuka kibao cha kinyozi kilikuwa kinaonekana kama mkufu uliolowa, na mlango wa kinyozi ulikuwa na kivuli pembeni. Nikizungusha kidogo, kibao kinakuwa tope. Nikirudisha, kinakuwa mkufu lakini mlango hauna kivuli. Kinyozi akatoka, akavuka barabara katika mvua, akauliza kwa upole kama kuna tatizo kati yetu. Nikamwambia namtafuta marehemu. Akasema pole, akarudi akafunga mlango.

Kwenye droo yake nimeikuta chupa ya rangi ya kucha. Imekauka. Nimetia matone mawili ya spiriti nikaitikisa, imekuwa hai. Lakini nukta nitaiweka wapi? Nukta bila mahali pake ni uchafu tu.

Nimeifunika chupa nikaitia kwenye mfuko wa koti.

Ushindi ndio uliobaki. Jicho lake nimelipoteza, basi angalau darubini yake isiingie kwenye lile boksi. R, G, N. T, A, D, K.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mambo hayakwenda kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili kasoro. Mwanga unafifia. Fundi Saa amevaa tai. Akatangaza kwamba mtu hawezi kumhukumu mwanawe wala kioo chake, kwa hiyo tutabadilishana: mimi nisome kwa darubini ya Shemeji, Shemeji asome kwa yangu.

Mpango mzima chini! Nikalala kwenye mkeka nyuma ya lile bomba la maji, jasho linanitoka. Nikasema moyoni nisome polepole, nifikiri. Lakini wiki nzima nimeoga nazo. Mdomo ukayatangulia macho. Nikazimwaga zote, mistari minne, bila kupumua, mpaka chawa wa mwisho.



Mwenyekiti akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Mwenyekiti akasema ubao wangu ulilowa mvua jana ukaanguka vipande. Pale mbele amebandika kalenda ya zamani. Hakuna herufi hata moja. Ni tarakimu tupu.

Shemeji alicheka mpaka akalala kwenye mkeka ambao haukuwa wake. Fundi Saa akaniuliza kama nimekunywa chai leo. Mwenyekiti hakucheka. Alinishika mkono kama anapima mapigo, akasema pumzika kidogo, baba, utatusaidia kubeba ndoo. Nimevuliwa usomaji! Fundi Saa akalala mwenyewe, akasoma kupitia ya Shemeji, akaipa nane kwa kumi. Kioo chake kizuri, lazima niseme ukweli.

Kisha zamu ya Shemeji, kwa darubini yetu. Akaweka jicho. Akasema haoni kitu. Fundi Saa akamwambia azungushe pete ya nyuma. Mtu hapimi kioo kwa jicho la mwingine. Nikafumba macho. Nilisikia pete inazunguka, tik, tik, taratibu. Ikasimama. Shemeji akanyamaza muda mrefu sana. Nikajua anatafuta la kutukana.

Akaanza kusoma. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yake haikuwa ya mzaha. Akasoma wa nne wote isipokuwa tarakimu mbili. Fundi Saa akaipa saba. Shemeji angeweza kusema haoni, nani angejua? Hakusema.

Nikasogea na ndoo yangu, nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikaitoa ile chupa. Nikatia nukta pale pete iliposimama. Sijui kwa nini. Mkono ulitaka.

Ikaja ndoo. Darubini zote mbili ziliwekwa nusu saa kwenye friza ya kantini, kisha mlinzi akazitoa zimeganda. Zitumbukizwe majini, tuone. Hapa ndipo palikuwa na mpango wangu wa pili, wa papo kwa papo. Nilikuwa mbeba ndoo, sivyo? Nikaihurumia ile ya kwetu, imetetemeka nusu saa nzima. Nikachanganya maji ya moto kutoka kwenye birika la kantini. Ipate nafuu kidogo.

Zikatumbukizwa. Ya Shemeji ikaanza kutoa mapovu. Povu moja, mawili, kisha msururu, kama mtu anayeongea chini ya maji. Ilipotolewa, ndani yake kulikuwa na ziwa. Ya kwetu ikatulia pale chini kimya, haikutoa hata pumzi.

Nikadhani nitafukuzwa. Lakini Fundi Saa akaingiza kidole kwenye ndoo, akanigeukia na macho makubwa. Nani amekufundisha? Maji ya moto ndiyo kipimo chenyewe! Hewa iliyo ndani inapanuka, na kama kuna mahali pa kuvuja lazima itoke. Maji ya baridi yangeificha. Nikasema mtu husomasoma.

Akaeleza pia kwamba ukungu wa nje baada ya baridi si kitu, hukauka wenyewe. Ule wa ndani ndio kifo. Nikafikiria pazia langu. 

Kwa jumla, ya zamani imeshinda! Mwenyekiti akaleta karatasi, nikatia sahihi papo hapo, kwa herufi kubwa. Fundi Saa akaifunga kwenye Namba Nne kwa mkono wake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama Shemeji, nikitegemea kumwona amenuna.

Hakununa. Alinitazama kama mtu aliyeona gari likiondoka na mzigo wake.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja asubuhi. Hodi alibisha! Nikajua kuna jambo.

Aliketi, akashika magoti. Akaniuliza, taratibu, kama nilisikiliza karatasi ya Jumatatu yote. Nikasema niliisikiliza. Akasema basi niambie mwisho wake unasemaje. Nikasema mwisho wake ulikuwa wa kawaida.

Akaitoa ile karatasi mfukoni. Mwisho wake unasema hivi: darubini itakayoshinda itakuwa mali ya klabu moja kwa moja, na mwenye nayo atatia sahihi kuikabidhi. Itakayoshindwa itarudishwa nyumbani kwa mwenyewe.

Nyumbani kwa mwenyewe.

Shemeji akasema, unadhani mimi nilikuwa na haja gani na lile bomba? Sijapiga shabaha tangu mwaka juzi, mgongo hautaki. Nililileta ili lishinde. Lishinde, ile ya dada irudi kwako, uiweke pale mezani. Nilikuja Jumatano kukwambia, ukanipiga hotuba.

Nikamuuliza, basi Jumamosi kwa nini hukusema huoni? Ungesema huoni tu, tungeshindwa!

 Akasema, nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa kusema uongo. Lakini nilipozungusha ile pete mpaka ikanikubali, nikakumbuka. Dada na mimi tulikuwa tunavaa miwani ya namba ile ile tangu shuleni. Akivunja yake anachukua yangu. Nilikuwa naona kama alivyokuwa anaona yeye, Shemeji. Ningesemaje sioni?

Kwa hiyo nukta iko mahali pake. Hasa pale pale! Iko mahali pake, kwenye bunduki ya klabu, kwa sahihi yangu, kwa herufi kubwa.

Tulikunywa chai.  Yeye alikuwa anaweka kidole kwenye tundu la pazia na kukitoa.

Jumanne, 11 Machi

Hali haivumiliki. Jana Mwalimu wa Hesabu alitumia Namba Nne. Akazungusha pete kabla hata hajalala vizuri, akauliza nani aliyeiweka hivi, fuko asiyeona? Nikabana meno. Alipoondoka nikairudisha kwenye nukta. Leo amekuja Kinyozi, mwanachama mpya. Naye akazungusha. Nikairudisha. Sasa hii ndiyo kazi yangu: kila jioni kabla ya kufunga ghala nairudisha kwenye nukta, nachungulia mara moja, naona kumelowa, nafunga mlango.

Shemeji ana wazo. Anasema bomba lake limekwenda kwa fundi kuzibwa, likirudi twende sote wawili kwa Mwenyekiti, tumweleze, tumwombe tubadilishane. Ati tumwombe tu! Tumwambie yaliyopo moyoni, basi! Nimemwambia, Shemeji, wewe ni mtu mwema lakini mambo ya mipango hukujaliwa.

Mpango wangu ni huu. Nitaandika barua isiyo na jina, kwa mwandiko uliolalia kushoto. Itasema darubini ya Namba Nne inavuja na imemponza mwanachama mmoja karibu na kantini. Nitatia sahihi: Mwanachama Mwenye Uchungu. Wataitisha kipimo kingine. Safari hii nitaleta maji ya baridi, kwa sababu sasa najua ndiyo mabaya. Au ndiyo mazuri? Nitamuuliza Fundi Saa kwa kuzungukazunguka, asishtuke. Ubao nitaandika mimi tena, kwa tarakimu. Nimeshakariri mistari miwili. Shemeji asijue lolote.

Ilibaki kidogo yote yaharibike leo jioni. Nilikuwa nimeshika darubini, jicho kwenye kioo, Mwenyekiti akaingia ghalani bila mimi kumsikia. Akasimama pale mlangoni muda mrefu. Akaitazama nukta nyekundu, akanitazama mimi. Akasema kwa ile sauti yake ya wodini kwamba kama kuna kitu chochote ninachokitaka humu ghalani, chochote kile, niseme tu. Hata leo. Hata sasa hivi.

Mtu mwenye mpango haropoki. Nikamwambia nahitaji ufagio mpya.

Akangoja kidogo. Kisha akasema sawa, ataleta.

Hajashtukia kitu.